Kipira cha Ombwe na Harusi ya Evelyn

Jumatatu, 9 Desemba 1996. Machame.
Ushindi! Kamati ya harusi imekubali. Jumamosi nitambeba Evelyn, binti wa mdogo wangu, kutoka saluni Moshi mpaka kanisani kwetu huku juu. Shemeji Eliufoo, kaka wa mke wangu, alitaka kutumia kigari chake cha Kijapani, mtumba wa juzi, kinachong'aa kama sufuria ya mnadani. Nikasimama. Nikawaeleza kuwa gari langu la Kijerumani lina kiyoyozi: madirisha yatafungwa, vumbi halitagusa shela. Sikuwaeleza kuwa kiyoyozi hicho hupuliza kioo cha mbele tu.

Jumatano, 11 Desemba.
Tatizo ni ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa. Nimemfafanulia Margareta, mke wangu, akikata majani ya ng'ombe. Injini hunyonya hewa. Mnyonyo huo hupita katika vipira vyembamba na kuvuta vilango vya kuelekeza hewa nyuma ya dashibodi. Kipira kikipasuka, vilango havivutwi, hewa yote huenda kiooni. Margareta akauliza kama ng'ombe naye ana ombwe. Miaka thelathini nimefundisha fizikia, nyumbani sijapata mwanafunzi.

Nimenyonya kipira kimoja kimoja. Kinachoganda kwenye ulimi ni kizima. Cha mwisho hakikuganda: kina ufa. Kina pia ladha ya petroli. Chakula cha mchana nimekiacha. Nimefunga ufa kwa kamba ya mgomba.

Ijumaa, 13 Desemba.
Jaribio. Nimeteremka mpaka Moshi, mguu haukugusa mafuta. Baridi tele kifuani! Gari nimeliacha mjini lioshwe, nikarudi na basi.

Eliufoo alinikuta stendi. Akasema, "Shemeji, lijaribu na mlima. Bibi harusi anapanda, hashuki." Fundi wa midomo. Alifeli hesabu, leo anasahihisha fizikia. Nimemkaribisha atufuate kesho nyuma, apate elimu.

Jumamosi, 14 Desemba.
Tambarare, safi kabisa. Evelyn akanisifu. Mlima ulipoanza nikakanyaga mafuta, mnyonyo ukapungua, kamba ikalegea, hewa yote ikarukia kiooni. Madirisha yamefungwa. Jua la Desemba.

"Baba mkubwa, naiva," akasema Evelyn.

Nikamfafanulia ombwe. Poda ikaanza kuchora mifereji. Maelezo yalipofika kwenye vilango akaomba nisimamishe gari. Kwa heshima, lakini aliomba mara mbili. Akashuka, akaingia kwa Eliufoo, ambaye alikuwa amefungua madirisha yote na kutandika khanga juu ya shela. Wamefika kanisani wanacheka. Mimi nimefika na shada la maua.

Kosa ni la wazee waliojenga kanisa mlimani.

Jumapili, 15 Desemba.
Mdogo wangu amenipita bila salamu. Nasikia Evelyn alilia alipojiona kwenye kioo, na leo jioni anakwenda kwa mumewe Sanya Juu. Margareta amekata jani la sale, akaniwekea mezani. Kila Mchagga anajua: ukimpelekea mtu jani hilo kumwomba radhi, hawezi kukukataa. Akasema nilipeleke kabla binti hajaondoka.

Nimelitazama sana. Jani refu, gumu, halikatiki ovyo. Kamba ya mgomba haifui dafu.

Nimelichana, nikafungia kipira. Kimekaza barabara!

Kesho jaribio. Nitateremka mpaka Moshi.