Ng'oeni Buluu Katika Mnara Wetu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wenye Nyumba, Bi. Rhonda Scully,

Salamu, na pole kwa baridi hii ya Juni. Alhamisi tunapiga kura juu ya taa za nje za mnara wetu, nami naandika mapema ili asiwepo wa kusema hakuonywa. Naomba rangi ya buluu iondolewe kabisa. Sababu zangu ni hizi:

1. Mnara huu umesimama Coolangatta, Queensland. Ni kweli mtaa mmoja tu unatutenga na New South Wales, lakini mpaka ni mpaka. Maduka chini, ofisi katikati, sisi wakazi juu, sote ni watu wa damu ya mzee, rangi ya jezi yetu ya raga. Hata hivyo, mtaalamu wa taa mliyemtoa Sydney, Bi. Imogen Farrant, ameamua kwamba wiki ya mechi ya raga kati ya majimbo haya mawili ukuta wa kaskazini uwake damu ya mzee na wa kusini uwake buluu ya wapinzani wetu wa New South Wales, "ili majirani nao wafurahi." Nani alimtuma kufurahisha majirani?

2. Anayeishi ndani ya mnara hauoni mnara. Mimi wa ghorofa ya 22 naona bahari. Anayefaidi ni shemeji yangu Darryl, ng'ambo ya mtaa, barazani na pai yake mkononi. Jana, taa zilipojaribiwa, kanipigia simu: "Shem, asante bwana! Ghorofa arobaini na moja mmevaa jezi yetu, tena kwa umeme wenu!"

3. Nilimwendea Bi. Farrant kwa adabu. Akanieleza kuwa kila taa ina vijitaa vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu, na vikichanganywa vyote hutoa nyeupe. "Mzee Neville, uking'oa buluu, nyeupe nayo kwaheri. Jengo litakuwa manjano kama kastadi mwaka mzima." Sawa. Tutakuwa kastadi.

4. Vijitaa hivyo ving'olewe, visizimwe tu, maana kilichozimwa huwashwa. Kisha duka la aiskrimu libadili kibao chake, daktari wa meno wa ghorofa ya tano afunike tangi lake la samaki, na bwawa la kuogelea lipakwe rangi nyingine. Bahari nimeiacha kwa kuwa kamati haina mamlaka nayo.

Nisalimie kamati nzima, walinzi wa mapokezi na fundi wa lifti.

Wako mtiifu kwa yote isipokuwa hili,
Neville Prout

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, Bi. Farrant kaniita gereji anionyeshe taa moja. Kumbe damu ya mzee haipatikani kwa chekundu peke yake. Hicho hutoa wekundu wa taa za breki. Damu ya mzee ni nyekundu na tone la buluu. Kaiwasha bila buluu, kisha na buluu. Nimeona kwa macho yangu. Alhamisi napiga kura ya kuibakiza buluu. Naomba kura iwe ya siri, na Darryl asijue.