Mstari Wenyewe Uko Ndani

Mimi babu yenu shule niliiacha kabla haijanizoea, lakini haya niliyaona kwa macho, nimekaa hapohapo kwenye benchi letu. Asubuhi ile bwana mmoja wa ofisi ya mji alipita na ndoo ya rangi, akapiga mstari mweupe mbele ya maduka. "Saa sita narudi na lori. Kilichoko nje ya mstari nabeba!" Rangi ilifika kwenye sanduku la Gundi, fundi viatu, ikaishia hapo, ikatokea upande wa pili. Gundi mwenyewe kainamia soli, hata kichwa hakunyanyua.

Basi Wembe kinyozi akafungua gazeti. "Jamani, wasichana wa shule hapo nyuma wameshinda besiboli! Mpira wa mwisho ulidondoka kule mbali, juu ya mstari."

"Huyo mpigaji ni mjukuu wangu!" Niliruka, kahawa ikanimwagikia magotini.

"Wizi mtupu," Gundi akasema. "Mstari ndio mwisho. Ukiugusa, umetoka."

"Gundi, besiboli unaijua?" aliuliza Mama Birika, muuza kahawa wetu.

"Siijui. Mstari naujua!"

Nikamnyang'anya Wembe mkasi, nikaupanua. "Tazama. Mpigaji kasimama hapa kwenye msumari wa mkasi na rungu lake. Mpira ukidondoka katikati ya makali mawili, ni halali, mbio! Ukidondoka nje ya makali, haramu, rudi upige tena. Ndivyo alivyonifundisha mjukuu wangu."

"Na ukidondoka juu ya makali yenyewe?"

"Halali."

"Hiyo mistari inaitwaje?"

Hapo nikajikuna kidevu. Mzee mzima kudanganya siwezi. "Inaitwa mistari ya haramu."

Gundi akapiga nyundo sandukuni, pwaa! "Mmesikia? Inaitwa ya haramu, halafu ni halali!"

"Sasa ajabu iko wapi?" Wembe akamjibu. "Wewe si unaitwa fundi?"

Mama Birika alicheka mpaka kikombe kikamponyoka. Gundi hakucheka. Akalivuta gazeti. "Na huyu dada kwenye picha, aliyeuokota mpira? Si kasimama nje, miguu yote miwili?"

"Miguu ya mtu haiangaliwi," nikasema. "Unaangaliwa mpira ulipo."

"Huo si mchezo, hiyo ni kesi! Sikilizeni." Akasimama na nyundo mkononi. "Siku nitakayokubali kwamba mstari ni ndani, nigongeeni msumari kwenye soli ya mguu wangu mwenyewe!"

"Mashahidi tupo," Wembe akasema, akachukua mkasi wake.

Kumbe saa sita haina hodi. Lori hilo limesimama, bwana wa rangi huyo anashuka na vijana wawili wenye mabega kama milango. Akaliendea sanduku la Gundi moja kwa moja. "Hili limegusa mstari. Beba!"

Gundi akalilalia sanduku kwa kifua. Humo mna nyundo, sindano, gundi na viatu vya watu kumi na mmoja, kimoja cha mkewe. "Mkubwa, ngoja! Kugusa siyo kutoka!"

"Mstari ndio mwisho, mzee."

"Nani kakudanganya? Mstari wenyewe uko ndani! Hata watoto wa shule wanajua! Soma gazeti!"



Bwana akalisoma gazeti, akalitazama sanduku. "Haya, sanduku nakubali. Lakini wewe umekaa nje. Miguu yote miwili."

"Miguu ya mtu haiangaliwi, mkubwa! Unaangaliwa mpira ulipo!"

"Mpira gani?"

"Sanduku! Sanduku ndio mpira!"

Yule bwana alishindwa kujizuia, akacheka. "Mzee una maneno. Bakia na mpira wako." Kisha akageuka. "Na lile benchi?"

Benchi letu, wajukuu zangu, lilikuwa nje hatua nzima. Tukamtazama Gundi, mwanasheria wetu mpya, atutetee. Gundi akajifuta jasho, akalipima benchi kwa jicho moja kama anayepima kisigino.

"Lile, mkubwa? Lile haramu kabisa. Sheria ni sheria."

Vijana wakalinyanyua nami nikiwa bado nimekaa, ikabidi nishuke kama gunia. Lori likaondoka na benchi la miaka kumi na tisa. Mama Birika akafunika birika. Wembe akainama sandukuni, akachagua msumari, akaupuliza vumbi.

"Gundi, ndugu yangu. Lete mguu."

Gundi akatucheka, alidhani utani. Akaniona mimi nimeshachukua nyundo. Gundi, mzee wa miaka sabini na tatu, alitoka mbio pekupeku, akakata kona, mtaa mzima unashangilia.

Tangu siku hiyo mimi hukaa juu ya sanduku lake. Liko halali.