Ishara ya Pili Siiombi

Jumatatu, 9 Juni
Baridi. Daktari Olazábal ametangaza: ambaye seli T zake, askari wa damu, zitazaana mara tano kufikia Ijumaa, ndiye atakayesimama mbele ya bango letu la utafiti kwenye mkutano wa Colonia. Miaka kumi na tisa nahesabu seli za watu katika maabara hii ya Montevideo. Jina langu halijapanda bango hata moja! Fabricio ana miezi mitatu tangu arudi na shahada yake ya ng'ambo. Mabango mawili tayari.

Kazi yenyewe naijua. Seli T haiamki kwa ishara moja. Ya kwanza huiambia: adui huyu hapa. Ya pili, kupitia kipokezi cha CD28, huiambia: haya, pigana. Ikikosa ya pili, inalala. Kingamwili inayotoa ishara ya kwanza ninayo. Ya pili iko chupa moja jengo zima, imeandikwa FABRICIO kwa wino mwekundu. Nikaombe? Mimi? Nimetia ya kwanza maradufu. Seli milioni moja kamili.

Jumanne, 10 Juni
Zimevimba! Nimemwita Fabricio achungulie darubini. Akasema zinapendeza, ila Don Nelson, CD28 umetia? Nikamjibu kuna wanaosoma vitabu na kuna wanaojua seli. Akacheka, akasema nikihitaji niseme tu.

Niseme tu! Kwa upole ule!

Nimejitoa kwenye chai yao ya yerba ya saa nne. Wao wanazungusha kibuyu kimoja, mimi nimekuja na changu na termosi yangu. Nakunywa peke yangu kwenye korido kama mjane.

Jumatano, 11 Juni
Nimehesabu mara tatu. 980,000. Asilimia tisini na nne hai. Hazifi, hazizaani. Zimekaa tu kama watu wanaosubiri kuitwa majina ofisini.

Nitaazima kidogo. Mikrolita ishirini katika elfu moja ni asilimia mbili. Nani atagundua? Nitaficha kichupa ndani ya termosi, juu ya barafu. Mji huu nani humuuliza mtu mwenye termosi kwapani amebeba nini?

Alhamisi, 12 Juni
Kuazima: sekunde arobaini. Safi!

Kisha Daktari akaniita nitie sahihi karatasi. Nikaacha termosi mezani dakika sita. Bi Blanca wa usafi akaiinua, akaona nyepesi, akaijaza maji ya moto mpaka shingoni. Ananiambia: Nelson wangu, siku ya tatu unakunywa peke yako, na leo hata maji huna? Nikamshukuru. Ningesema nini? Kingamwili imeiva kama yai.

Nimeitia hivyo hivyo, kichupa nikakirudisha termosini. Labda nusu imepona.

Ijumaa, 13 Juni
Zangu: 970,000. Za Fabricio: milioni tano na laki mbili. Nimezihesabu mwenyewe mara mbili nikitafuta kosa. Halipo.

Bi Blanca akaingia na kichupa alichokikuta akisuuza termosi yangu. Akauliza, jamani, hii ni dawa ya nani? Daktari akanitazama. Nikatazama dari.

Fabricio akafungua friji, rafu ya mlangoni, akatoa kichupa kingine. NELSON, wino mwekundu. Kimekaa pale tangu Jumanne! Alidhani nimekiona. Akachukua matone, akazitilia seli zangu yeye mwenyewe, kisha akamwambia Daktari kwamba bila hesabu za Don Nelson hakuna bango, jina lake liandikwe. Likaandikwa. La pili, chini ya lake.

Halafu akanipa kibuyu, cha kwanza kabisa kumiminwa. Machozi yalinilengalenga. Maji yalikuwa ya moto mno.

Jumapili, 15 Juni
Nimepita maabara kuhesabu. 965,000. Ishara ya pili, halisi, siku mbili nzima, na hakuna iliyojigeuza. Ikishalala usingizi ule haisikii.

La pili! Baada ya miaka kumi na tisa!

Nimekaa nikachambua wiki yote, na kosa nimeliona. Termosi ilikuwa moja. Zilitakiwa mbili: moja ya kubebea, moja ya kumridhisha Bi Blanca. Na maradufu ilikuwa uoga. Kesho seli mpya, ishara ya kwanza mara nne.

Kichupa chenye jina langu bado kina mikrolita mia moja na themanini. Nimekirudisha mlangoni mwa friji, pale pale alipokiweka. Fabricio asije akadhani nilikihitaji.