Haijulikani Kwenye Ruta ya Mheshimiwa

Wananchi wa Kitongoji cha Subira, tulieni mnisikilize! Kwa niaba ya Mheshimiwa Mwenyekiti Pazi, mimi Shuaibu, katibu wake, natangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna binadamu atakayepewa barua ya utambulisho mpaka vitambuliwe kwanza vifaa vyote vilivyojiunga na ruta ya intaneti ya nyumbani kwa Mheshimiwa. Kisichotambuliwa kitafungiwa.

Sababu ilikuwa nzito. Jumapili Mheshimiwa alikuwa anaangalia mpira sebuleni kwake, ikapigwa penalti, picha ikaganda. Mpira ulipokuja kutua wavuni, majirani walikuwa wameshashangilia mpaka wamechoka. Akachungulia orodha ya ruta kwenye simu: vifaa kumi na tisa! Na nyumba ile ina watu watatu na kuku. Kwamba neno la siri alilitangaza yeye mwenyewe kwa kipaza sauti wakati wa kampeni, “waifai ya bure kwa wote”, hilo ni suala la kihistoria, na ofisi yetu haishughuliki na historia.

Nikaandaa fomu. Kila kifaa kije na barua ya mjumbe wa nyumba kumi, picha mbili za pasipoti na mashahidi wawili wanaokifahamu tangu utoto. Picha ya simu ilipigwa kwa simu nyingine, ambayo nayo ikabidi ipange foleni. Penye hali ya ndoa, simu za laini mbili niliziandika “mitala”. Mzee mmoja akaleta redio. Nikamwambia haihusiki, akasema kaamka alfajiri na harudi nayo bila muhuri. Nikaigongea.

Aliyetusumbua ni Kuruthumu, nesi. Amekaa na cheti chake miaka minne, sasa kapata kazi zahanati ya Miono. Aripoti Ijumaa kabla ya saa nane mchana, na barua ya utambulisho mkononi. Akikosa, anachukuliwa mwingine.

“Shikamoo kaka Shuaibu.”

“Marahaba. Umeleta kifaa?”

“Simu yangu mlishaiandika. Leo nimejileta mwenyewe.”

“Wewe si kifaa. Subiri zamu ya binadamu.”

“Kaka, si unanijua tangu nabebwa mgongoni?”

“Kukujua nakujua. Sijakutambua.”

Machozi yakamlengalenga. Nikamhurumia kwa mujibu wa utaratibu.

Kufika Ijumaa asubuhi tumetambua vifaa kumi na nane. Kimebaki kimoja tu, na jina lake kwenye orodha ni “Haijulikani”. Tukapita sokoni na kipaza sauti: “Bwana Haijulikani, popote ulipo, fika ofisini!” Akaja Haji muuza pweza, anahema, kasikia nusu ya jina. Tukamhoji nusu saa.

“Jamani, si mzime vyote, kimoja kimoja?” akasema Kuruthumu. “Kila kinachozimwa kinatoka kwenye orodha. Atabaki huyo mnayemtafuta.”

Mheshimiwa akatafakari, akaona wazo ni zuri, akatangaza kuwa ni lake. Watu wakajaa uani kwake. Yeye kashika simu anasoma orodha, mimi naita majina, watu wanazima. Kumi na nane wote wakatoka. Haijulikani yumo.

“Anatudharau!” Mheshimiwa akafoka. “Yumo humu humu uani!”

“Mheshimiwa,” Kuruthumu akauliza taratibu, “hiyo orodha unaisomea wapi?”

“Kwenye simu yangu.”

“Na simu yako imejiunga na nini?”

“Ruta,” nikajibu mimi, na hapo hapo nikajuta kuzaliwa na mdomo.

Nikapekua fomu. Simu ya Mheshimiwa haimo. Akaizima. Nikawasha yangu, nikafungua orodha: nimo peke yangu. Haijulikani kaenda zake. Mtu mmoja akacheka kwa pua, na hapo uani hapakushikika tena.

“Basi, yamekwisha,” akasema Mheshimiwa. “Shuaibu, niandikie.”

“Mheshimiwa, kwa mujibu wa amri yako, bila barua ya mjumbe tunaifungia. Na kesho kuna mpira.”

Mjumbe wa nyumba kumi upande ule ni Bi Biubwa, mpika vitumbua. Akasogea na mwiko wake.

“Picha mbili za simu unazo?”

“Sina.”

“Mashahidi?”

Mheshimiwa akaugeukia umati, anatabasamu kikampeni. “Jamani, si mnanitambua?”

“Hatukutambui!” wakaitika kwa pamoja, watoto wakairudia kwa makofi.

Bi Biubwa akamnyooshea mwiko. “Mgongee binti huyu muhuri kwanza. Mengine tutaongea.”

Ilikuwa saa nne na robo. Nikaiandika barua pale pale kwenye meza ya fomu; muhuri wa barua Mheshimiwa alikuwa nao mfukoni mwa shati. Akagonga kwa hasira mpaka meza ikalia. Kuruthumu akaikwapua barua, akarukia bodaboda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Na mimi, mtumishi wa umma, nikajikuta napiga kelele, “Wahi mdogo wangu, wahi!” Nilifurahi, siwezi kuficha.

Vumbi lilipotulia, Mheshimiwa akakohoa. “Haya, Bi Biubwa. Na yangu?”

Bi Biubwa akajifunga kanga vizuri.

“Leo Ijumaa, baba. Mhusika katoka. Njoo Jumatatu, uje na kitambulisho halisi na kivuli chake.”

Nami kwenye ripoti, kwa kuwa katibu hasemi uongo, nimeandika: kifaa kimetambuliwa, Mwenyekiti bado.