Simu ya Zamani na Kaa wa Mzee Boga

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mkosi mtupu. Meneja wetu, Bi Damaris, ametuita mimi na Hesbon, karani wa stoo, akatujulisha kwa mfanyakazi mpya. Hana mikono wala tumbo. Ni akili bandia, inakaa ndani ya kompyuta. Kuanzia leo itahesabu bidhaa, itakisia hoteli itahitaji nini wiki ijayo, na itawaandikia wauzaji ujumbe wa kuagiza. Kwa ufupi, ni kazi yangu ya miaka kumi na mmoja.

Bi Damaris akaeleza kwa upole kwamba ofisi ya manunuzi huenda ikabaki na mtu mmoja. Ataamua Jumamosi, baada ya harusi ya wageni mia na themanini. Hesbon akasema hiyo kitu ni moto. Mtu wa bara huyu, kila kitu kwake ni moto.

Nyumbani nimemweleza mke wangu, Kahaso. Akanipa pole, kisha akauliza kama nimempigia simu mama yake, huko Waa. Tangu tumzike baba yake mwezi wa tano sijampigia hata mara moja. Nikamjibu kwamba mtu anayepoteza kazi hana nafasi ya kupiga simu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata njia. Mashine inataka kusoma ujumbe wote niliowahi kuwaandikia wauzaji, ijifunze kusema nao kama mimi. Vizuri. Nimempa Hesbon simu yangu ya zamani, ile ya kioo kilichopasuka, iliyolala kabatini tangu Desemba. Ya sasa imo mfukoni mwangu, salama. Mashine na isome mambo ya mwaka jana, ikoroge, iaibike mbele za watu. Hesbon amenishukuru kwa moyo wangu mkunjufu. Mchana nimekula sahani mbili.

Jumatano, 10 Septemba

Sielewi. Leo mashine imemwandikia Mzee Boga wa Bodo, anayetuletea kaa. Huyu ndiye niliyemtegemea animalizie adui. Mzee Boga hapokei agizo kavukavu. Sharti umwamkie, umwulize watu wa nyumbani, mbuzi, mvua, ndipo uwaguse kaa, tena kwa kuzunguka. Mnunuzi wa hoteli moja alianza na kilo, akaambiwa kaa wamehama.

Basi nikakaa nikisubiri mashine ipigwe teke. Wapi! Mzee amepiga simu ofisini kunisifu mimi, maana ujumbe unakwenda kwa jina langu. Amesema Chengo amerudi kuwa mtu. Eti nimemwandikia shikamoo, nimemwuliza habari za kisima chake, nimemwombea heri, ndipo nikaomba kilo arubaini za Jumamosi. Mwaka huu wote, akasema, nimekuwa nikimwandikia "kaa, kilo ishirini, asubuhi" kama mtu anayemwita mbwa. Bi Damaris alikuwa ameiweka simu kwa sauti kubwa. Hesbon alicheka mpaka akashika meza.

Nimeshindwa adabu na mimi mwenyewe wa mwaka jana. Nalala na hasira.

Alhamisi, 11 Septemba

Mungu yupo. Mashine imejikwaa. Asubuhi imemwandikia tena Mzee Boga kuhakikisha kaa wa Jumamosi. Mwaka jana nilikuwa sikosi kumwulizia mama yake mzazi, kwa hiyo nayo ikauliza: mguu wa Mama umepata nafuu? Mama alizikwa Ramadhani iliyopita. Simu ya zamani ilikuwa imekwisha lala kabatini, ingejuaje? Mzee amejibu maneno mawili tu, hakuna kaa, kisha akazima simu.

Nikaenda chooni nikacheka peke yangu. Niliporudi nikamkuta Bi Damaris ameshika tama. Bibi harusi ameahidiwa kaa, ameandika kaa hata kwenye kadi za mwaliko. Harusi hii ikiharibika, akasema, kampuni inayotuletea wageni itahamia kwingine, na hapo hakutabaki ofisi ya mtu mmoja wala ya nusu mtu. Kicheko kikanikauka.

Ndipo nikakumbuka jambo jingine. Mimi sikwenda mazikoni. Nilituma salamu kwamba nina homa. Sikuwa na homa. Kulikuwa na mpira kwenye televisheni.

Ijumaa, 12 Septemba

Bodo, kwa bodaboda, na furushi la sukari na mchele mapajani. Nimefika watu wametoka msikitini. Nikasema shikamoo, Mzee Boga akaitikia marahaba akiangalia pembeni. Tukakaa mkekani. Nikamsogezea furushi, nikaulizia mbuzi, nikaulizia mvua.

Mwisho nikamwambia kweli. Kwamba sikuja kumzika Mama, na kwamba homa ilikuwa uongo. Nikaongeza kwamba ujumbe wa jana haukuandikwa na mimi bali na mashine. Nilidhani hilo litaniokoa. Mzee akasema mashine haina kosa, haikupata kumjua mama yake. Mimi ndiye niliyekula wali wake.

Nikalia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilimpenda yule mama, alikuwa akinifungia ukoko wa kwenda nao. Mzee akanipeleka kaburini, akaomba dua, nami nikainua mikono. Tuliporudi akauliza harusi ni ya watu wangapi. Sikutaja kilo. Amezitaja mwenyewe.

Jumamosi, 13 Septemba

Kaa wamefika alfajiri, wamefungwa magando, wanatoa povu. Harusi imepita salama. Bibi harusi amekula mpaka kanga za shangazi zake zikatumika kumfutia mikono.

Jioni Bi Damaris ametuita. Tunabaki sote wawili! Hesbon na mashine watahesabu na kukisia, mimi nitashughulika na watu, maana mashine haiwezi kwenda Bodo kukaa mkekani. Sharti ni moja: kila ujumbe wa mashine niusome kwanza kabla haujaondoka. Nimeapa. Habari za simu ya zamani hakuna aliyeuliza. Sijui nieleze vipi nafuu niliyonayo, hata viatu vimekuwa vyepesi. Hesbon amenipa mkono akasema mimi ni moto. Nimemsamehe.

Jumapili, 14 Septemba

Mapumziko. Kahaso amenikumbusha tena kuhusu mama yake. Lakini kumpigia mama mkwe ni nusu saa nzima, na saa kumi kuna mpira.

Nimepata njia. Mashine ninayo sasa kwenye simu yangu, na bado ina kila kitu kilichokuwa kwenye ile ya zamani, hata ujumbe niliokuwa nikiwaandikia wakwe. Nikaiagiza imwandikie mama mkwe. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Nimeupitia juujuu: shikamoo, habari za mbuzi, habari za mihogo, na mwisho, nisalimie sana Baba, mwambie nakuja tumalize bao letu. Adabu tupu. Nimetuma.

Kahaso amefurahi, amenikaangia viazi vya karai. Simu yake inalia sasa hivi. Ni mama yake, anapiga kushukuru.