Naibu wa Mzee Wanrazmak

Jumamosi, tarehe 8, mwezi wa tatu

Siku ya kumi na moja jangwani. Vumbi kinywani, vumbi masikioni, vumbi ndani ya mkate. Ngamia sabini na wawili wananitangulia, na kila mmoja ananirushia fungu lake. Mimi ndiye mtu wa mkia. Namwongoza Ajuza, ngamia jike wa kiongozi, mkongwe kuliko wote, mwenye kengele shingoni. Kengele inamwambia kiongozi huko mbele kwamba msafara haujakatika. Ikinyamaza, wanarudi kumtafuta ngamia. Kunitafuta mimi hakuna aliyewahi kukutaja.

Leo adhuhuri Mzee Wanrazmak, kiongozi wetu, ametutangazia kwamba Alhamisi, kwenye kisima cha mwisho, atamtaja naibu wake. Naibu! Hukaa mbele penye hewa safi, na huingia lango la mji wa Dunhuang, mwisho wa safari yetu, ubavuni mwa kiongozi. Watu wote wakamgeukia Pesak. Eti kwa sababu ana mabega na anaimba. Hata ngamia wake anatembea kwa maringo.

Lazima niwe mimi. Si tamaa. Ni kwamba nimeshaandika. Mwezi wa kwanza wajumbe waendao Dunhuang walitupita, nikamwandikia Bwana Artivan wa Dunhuang kwamba mimi, Kharstrang, ni naibu wa msafara huu. Artivan hajawahi kuniona, ila ndiye mjomba na mlezi wa Wiyusha. Juzi, wakirudi, wameniletea jibu. Amefurahi sana. Atasimama langoni na ukoo mzima anione ninavyoingia mbele. Nikiingia kwingineko, hakuna posa, tusiandikiane tena. Wino wa sentensi hiyo ni mzito kuliko wa nyingine.

Wiyusha nilimwona mwaka juzi, sikukuu ya mwaka mpya. Nilitumbukia kwenye pipa la zabibu akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile sijasikia kicheko kingine nikakipenda. Nampenda, basi, nimeandika.

Jumapili, tarehe 9

Nimepata! Nimepata!

Upepo wa moto wa huku haubishi hodi. Wanaoujua mapema ni ngamia wazee tu. Huunguruma, hujikusanya, huchimbia midomo mchangani. Hapo kila mtu hujifunga kitambaa cha sufu puani na mdomoni na kulala kifudifudi. Hakuna anayeuliza swali. Na katika msafara wetu, anayesikilizwa kuliko wote ni Ajuza. Na kamba ya Ajuza iko mkononi mwa nani?

Nikimfundisha achimbie mdomo nitakapo mimi, nitaonekana mtu anayezungumza na upepo. Nani atamnyima mtu kama huyo unaibu?

Nimeanza asubuhi hii hii. Nadondosha kibonge cha mkate wa chumvi, nakifukia kwa kidole cha mguu, namgonga Ajuza begani mara mbili. Mara ya kwanza alinitazama kwa dharau. Mara ya pili mdomo ukazama hadi machoni. Kufikia adhuhuri anachimba hata pasipo na mkate. Kichwa chepesi kuliko cha Pesak! Ubaya ni mmoja, mkate wangu wa siku tatu umeishia tumboni mwake. Nimelala na njaa, lakini njaa ya mtu mwenye mipango.

Jumatatu, tarehe 10

Ushindi!

Saa nne asubuhi, anga safi, hakuna hata dalili ya upepo. Nikamgonga. Akazamisha mdomo. Nikapiga yowe. Msafara wote chini! Mzee Wanrazmak chini. Pesak chini, tena juu ya kinyesi kibichi, jambo ambalo sikulipanga ila nalishukuru. Mimi peke yangu nikasimama, mikono juu, nikimwomba mungu wa upepo kwa sauti kubwa ageuze njia.

Akageuza! Yaani, hapakuwa na kitu, lakini wao wangejuaje? Walipofunua nyuso zao, shwari. Mpishi akaniletea nyama yenye mafuta akaniita bwana. Hajawahi kuniita kitu zaidi ya "wewe wa nyuma". Wawili wakaniomba niwaombee wake zao.

Mzee Wanrazmak alisema tu kwamba miaka thelathini ya njia hii hajaona upepo ukisikia maombi. Nadhani ameguswa.

Jumanne, tarehe 11

Pesak ana wivu. Ametunga wimbo kuhusu mtu aliyeufukuza upepo ambao haukuwepo. Una kiitikio. Watu wanaitikia! Amekuja pia kunusa mdomo wa Ajuza na kuniuliza tangu lini ngamia ananuka mkate. Nikamjibu kwamba tangu lini mwimbaji ananuka kinyesi. Mpishi alicheka. Pesak hakucheka.

Ili kumnyamazisha nimemtilia pilipili kwenye divai, kiganja kizima, kutoka mzigo wa tatu. Alikohoa sana. Halafu akaimba. Sauti imekuwa nzito, ya kukwaruza, tamu ajabu. Watu wazima wametoa machozi. Mzee Wanrazmak amemtaka arudie mara tatu.

Jambo jingine dogo. Ngamia wanne walio mbele ya Ajuza wameanza kuchimba nao. Wameona kuna mkate. Si kitu.

Alhamisi, tarehe 13

Naandika kwa jicho moja.

Nitaeleza kwa utaratibu. Tulifika kisima cha mwisho. Mzee Wanrazmak akatandika zulia lake, watu wakakaa duara kumsikia akimtaja naibu. Mimi nilikuwa nimeamka kabla ya wote na kufukia vibonge saba vya mkate, mstari mmoja, kutoka zuliani hadi nilipopanga kusimama. (Mkate wa mfuko wa wote. Nilikusudia kusema.) Ajuza angechimba mara saba kwa amri yangu, mbele ya kadamnasi. Nilivaa koti langu la hariri ya kijani, nililolitunza kwa ajili ya lango la Dunhuang.

Nikaomba ruhusa, nikapewa. Nikaanza hotuba. Kabla sijamgonga, Ajuza akaunguruma, akakigeuzia mgongo kibonge cha kwanza, akapiga magoti upande usio na kitu na kuzamisha mdomo. Nikamkaripia. Nikamwambia, "Si huko, bibi we! Huku!" Hakusikia. Wale wanne wakafuata. Halafu wote sabini na wawili.

Watu wakajifunga sufu na kulala. Pesak naye. Mimi nilicheka, naapa. Nilikuwa mtu pekee jangwani aliyejua kwa hakika kwamba hakuna upepo. Nikaona hata ni heri, waache walale, nami niugeuze kama Jumatatu. Nikainua mikono. Nikafungua kinywa, nikakifungua sana.

Nililosema halikutoka. Kilichoingia ni jangwa. Nimegaragazwa hadi kisimani, nikakumbatia jiwe. Koti la kijani lilinitoka na kutangulia Dunhuang.

Upepo ulipopita, hakuna aliyeumia ila mimi. Jicho moja limefumba. Sauti hakuna, nikisema inatoka hewa tu. Na mchanga wote wa pale uwanjani ulikuwa umepeperushwa. Vibonge saba viko juu, safi, mstari mmoja ulionyooka. Mzee Wanrazmak akaokota kimoja, akanusa. Akamwendea Ajuza, akamgonga begani mara mbili. Ajuza akachimba, msaliti huyo.

Ndevu za Mzee zikatetemeka kidogo.

Ijumaa, tarehe 14

Baraza limekaa juu yangu. Mimi sina sauti ya kujitetea, labda huko kukosa sauti ndiko kulikoniokoa.

Pesak alitaka niachwe hapa kisimani, maana mtu anayechezea ishara ya upepo ataua watu. Wengi waliguna wakikubali. Niliogopa, nakiri. Mpishi akasema hata mkate nimeiba. Ameacha kuniita bwana.

Mzee Wanrazmak akasema kwamba jana wote waliomwamini ngamia wako hai, na mmoja asiyemwamini anaonekana alivyo, adhabu imeshamfika. Ila nikigusa tena bega la ngamia yeyote, atanizika mwenyewe. Kisha akasema naibu ni yule ambaye akisema laleni, watu wanalala, na hajawahi kudanganya ila kwa kufundishwa. Kwa hiyo naibu wake ni Ajuza.

Watu walicheka mpaka ngamia wakashtuka. Mzee hakucheka. Alimfunga Ajuza hariri nyekundu shingoni na kumtoa kengele. Akaamuru atembee mbele, na mshika kamba wake atembee naye, kwa miguu. Kengele akampa Pesak, aende nayo mkiani hadi Dunhuang. Anayetaka watu waachwe nyuma, alisema, naye aonje nyuma palivyo.

Uso wa Pesak! Karibu unifidie koti.

Na hebu tuangalie vizuri. Nitaingia mbele! Ubavuni mwa kiongozi! Yote niliyoandika yametimia, ukiacha mambo madogo.

Jumapili, tarehe 16

Dunhuang. Sijui nianzie wapi.

Walikuwepo wote. Artivan katika kofia ndefu, wajomba, mashangazi, bibi kizee amebebwa kwenye kiti. Na Wiyusha, nyuma ya shangazi mnene, shingo ameinyoosha. Nikainua kichwa. Hewa safi! Kiongozi kushoto kwangu! Nilikuwa mahali nilipoandika kwamba nitakuwa, na kwa mara ya kwanza barua yangu ilikuwa karibu na ukweli.

Artivan akamsalimu Mzee Wanrazmak kwa heshima akauliza kwa sauti ya kusikika sokoni, naibu wako ni yupi, mzee mwenzangu, tumkaribishe?

Mzee Wanrazmak hajui kudanganya. Akamwonyesha Ajuza.

Nikajipiga kifua. Nikanyoosha vidole kwangu, kwa Ajuza, kwangu tena. Nikasema, na ikatoka sauti ya kiriba kinachovuja. Artivan akamwangalia ngamia kuanzia hariri hadi kwato. Akauliza kama huyu ndiye Kharstrang. Mzee akasema hapana, Kharstrang ni mtumishi wa naibu, huyu hapa, mwenye jicho moja.

Bibi kizee akaomba arudishwe nyumbani. Artivan alikunja barua yangu, alikuja nayo kumbe, akaniwekea mkononi.

Wiyusha alikuwa amejifunika uso kwa mkono wa vazi, mabega yanatikisika. Kicheko kile kile. Sikujua nilie au nifurahi, nikafanya vyote kwa jicho moja.

Jumanne, tarehe 18

Leo yametokea makubwa.

Artivan ni mtu wa haki. Amesema hahukumu mtu asiye na sauti, kwa hiyo angekuja alasiri hapa nyumba ya wageni anisikie kwa kinywa changu, na baada ya hapo basi. Wiyusha alinitumia neno mapema kwa mke wa mwenye nyumba. Nimelikariri. Kwamba mtu wa mkia hana neno naye, hata mtu wa pipa la zabibu hana neno naye. Mwongo ndiye hamtaki. Niseme ukweli tu, mjomba atalainika, yeye amekwishamlainisha nusu.

Mzee Wanrazmak naye alipita. Akanipa maziwa ya moto na maneno ya kusema: Nilidanganya, Bwana, nisamehe. Nikayarudia asubuhi nzima mbele ya ukuta. Nilikuwa tayari. Mbele ya ukuta nilikuwa tayari kabisa.

Wakaja. Artivan akakaa. Wiyusha akasimama mlangoni, akanitikisia kichwa kidogo, kwa wema. Artivan akasema, haya kijana, wewe ni nani katika msafara ule?

Nikafungua kinywa, na sauti imerudi! Nzima, safi, tena nzito kama ya Pesak baada ya pilipili. Ingekuwa hasara kuitumia kwa maneno yale. Nikasema, Bwana, yule ngamia ni wangu.

Nikaendelea vizuri sana. Kwamba Mzee Wanrazmak nimemwazimisha tu ngamia huyo. Kwamba kama naibu ni mali yangu, basi Bwana apime mwenyewe nani yuko juu ya nani. Artivan akapima. Uso ukaanza kung'aa. Akanikumbatia, kofia ikaanguka.

Wiyusha akauliza polepole kama kweli ni wangu. Nikasema kabisa. Hakucheka. Aliinama akaokota kofia ya mjomba wake, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akatoka. Nadhani amezidiwa na furaha.

Artivan amesema basi jambo ni jepesi. Ngamia aletwe kesho kabla ya adhuhuri kuwa sehemu ya mahari, mashahidi watakuwepo. Nikasema bila shaka.

Mzee Wanrazmak huamka mapema. Lakini si mapema sana, na kamba ya Ajuza naijua hata gizani.