Ndege ya Yohana Inakunywa Wapi?

Wenzangu wa chuoni, leo sina pa kuuweka uso. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana habari za hapa Ilongero zina miguu.

Yohana, mtoto wa Mzee Njiku, amepata nafasi ya kusoma Uingereza. Jana saa tatu asubuhi ndege yake iliondoka Nairobi kwenda London. Mzee Njiku kazi yake ni kuswaga ng'ombe kwenda minadani, tangu mimi sijazaliwa. Tena ndiye baba yake Salome. (Naam, Salome yule yule. Posa yangu iko kwa mzee tangu mavuno, hajajibu.)

Juzi nikaenda kujionyesha. Nikabeba atlasi ya shule, uzi na rula. Nikapima mbele ya ukoo mzima: maili kama elfu nne na mia mbili. Ndege inakwenda maili mia tatu kwa saa. Nikagawanya. Saa kumi na nne.

"Jumatatu saa tano usiku keshashuka," nikatangaza. "Telegramu mtaipata Jumanne asubuhi."

Mzee akauliza taratibu, "Mwalimu, na hiyo ndege inakunywa wapi? Hata Yohana nilimwuliza siku anaaga, hakujua."

Nikacheka. (Nilicheka peke yangu, nilipaswa kushtuka hapo.) "Mzee wangu, ile ni mashine, si ng'ombe."

"Sawa. Ila mimi safari naihesabu kwa visima, siihesabu kwa hatua."

Leo asubuhi, kimya. Saa tano, kimya. Saa saba Mama Yohana akaniita. "Mwalimu, si ulisema asubuhi?" Nikapiga hesabu upya, jibu lile lile. Nikamwambia kwamba kwa hesabu zangu, ndege haiwezi kuwa bado iko angani. (Mdomo huu, jamani.)

Mama akakaa chini akaanza kulia. Majirani wakasikia. Saa nane uwanja umejaa, wanawake wamejifunga kanga viunoni, mtu kaleta kuni. Matanga ya mtu aliye hai, yameletwa na uzi wangu. Salome alinitazama mara moja tu, nikatamani ardhi inimeze.

Mzee peke yake hakulia. Alisimama katikati yao akasema, "Nyamazeni. Safari ndefu lazima ipitie penye maji. Hajapotea, wanakunywa." Kisha akakaa, akaendelea kusokota kamba yake.

Saa kumi akafika tarishi wa bomani na baiskeli, telegramu mkononi. Nani asome? Mwalimu. Nikasimama mbele ya waombolezaji wote, nikasoma kwa sauti:

"NIMEFIKA SALAMA. MWAMBIENI BABA IMEKUNYWA MARA NNE."

Vigelegele vikapigwa. Baada ya vigelegele, kicheko. Mama Yohana mwenyewe alicheka machozi hayajakauka, akininyooshea vidole vinne.

Nawaambia kweli, yule mzee namvulia kofia. Hajaona kiwanja cha ndege, hajashika atlasi, lakini safari ya London aliijua akiwa amekaa kwenye kigoda. Mimi nina cheti, na kutua kutia mafuta sikukukumbuka.

Jioni nikaenda kumwomba radhi. Nikampa shikamoo ya chini kabisa. Akaitikia, akasema, "Posa nimeikubali. Ila siku ya kuhesabu ng'ombe wa mahari, hesabu aje afanye mjomba wako."

Basi karibuni harusini. Atakayeniuliza ni maili ngapi kutoka kwake hadi hapa, atakula ugali mkavu.